Kelele za Cimpunda

Maman Emérence alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni mwake katika mtaa wa Cimpunda, wakati sufuria za majirani zilipoanza kujigonga. Ilikuwa alasiri, kama kila siku tangu azikwe mwanawe Gracien. Sufuria ya Rosette, jirani wa ukuta kwa ukuta, ilitangulia. Ikafuata ya fundi viatu, kisha mtaa mzima mpaka kule chini kwenye kijito. Hakuna aliyezishika. Debe tupu haliachi kuvuma, wanasema, lakini hizi zililia hata zikiwa na maharage ndani. Rosette alikwisha kuzoea kubana kifuniko kwa mkono mmoja na kukoroga kwa mwingine.

Desturi ya pale ni hii: nyumba ikivamiwa na wezi, wenyewe hugonga sufuria, majirani hujibu kwa zao, na wezi hukimbia kelele. Hatari ikipita, aliyeita hutoka nje na kusema aksanti, ndipo mtaa unyamaze. Usiku wezi walipoingia kwake, Emérence aligonga mpaka mwiko ukavunjika. Hakuna nyumba iliyojibu. Wezi walimpiga Gracien risasi, wakabeba televisheni, wakaondoka polepole kama watu waliotoka kusalimia. Inauma, wala hakuna namna nyingine ya kusema.

Sasa sufuria zilikuwa zinajibu, na zingerudi kulia kila alasiri mpaka Emérence aseme aksanti.

Majirani walimtuma mwalimu Anaclet, kwa kuwa yeye ndiye mjuzi wa maneno. Alikaa kwenye kigoda, akaanzia mbali, kama walimu wote.

"Maman, neno sauti, Waarabu njo walileta. Lakini kelele, mimi naona hakuna mutu aliileta. Ni kinywa tu inafwata vile sikio inasikia. Haina mwenyewe."

"Basi iko ya mwenye anaisikia," Emérence akasema.

Anaclet akasogeza kigoda karibu. "Tunaomba useme tu aksanti, maman. Bijou, binti ya Rosette, amezaa, na mutoto anashituka kila mara."

Emérence alimhurumia yule mtoto kwa dhati. Aliweka sombe chini, akapangusa mikono kwenye kitenge.

"Mwalimu, ile usiku, ulisikia vile nilikuwa nagonga?"

"Nilikuwa nalala, maman. Sisi wote tulikuwa tunalala."

Ng'ambo ya kichochoro, nyumbani kwa mwalimu, sufuria iliongeza nguvu. Wote wawili waliisikia, na hakuna aliyegeuka.

"Mwenye alisikia, nitamwambia aksanti, hata leo," Emérence akasema. "Mwenye alikuwa analala, nitamushukuru juu ya nini?"

Anaclet aliinuka, akaaga kwa heshima, akarudi kwake. Sufuria zililia mpaka jua likazama. Kisha majirani wakazipikia bukari, ugali wao, wakala, wakalala.