Likizo ya Metroni Kaveke

Katika shule ya bweni ya wasichana pale Matinyani, hakuna aliyemwita Kaveke kwa jina lake. Walimu, wapishi na hata mlinzi wa langoni walimwita Metroni, na kila jambo lililokosa mwenyewe lilitupwa mlangoni kwake. Msichana anaumwa na tumbo, kamwone Metroni. Mifereji imekauka, kamwone Metroni. Mwenzake aliyekuwa akisaidiana naye alipohamia Machakos, bodi iliahidi kuajiri mwingine, na mambo yakaishia kwenye ahadi. Kaveke akazoea kulala sikio likiwa wazi. Hata shule zilipofungwa, alibaki kukagua magodoro na kuwasimamia mafundi wa paa.

Nyumbani kwake kulikuwa Kalamba, kwa mumewe Mutunga, mkulima wa mbaazi na ndengu. Alifika huko kwa nadra, na akifika hakukaa.

"Mama Mulei, kwani wewe huna likizo?" Mutunga alikuwa akimwuliza.

"Nikitoka, wale watoto nitawaachia nani?"

Na kusema kweli, jibu hilo lilimpa fahari. Mwalimu mkuu, Madam Nzilani, aliwahi kumsifu mbele ya wazazi kwamba hajawahi kuomba ruhusa hata ya mazishi. Siku hiyo Kaveke alitembea kichwa juu mpaka jioni.

Lakini mwaka huu mwili ulianza kumgomea. Alimimina chai mpaka ikamwagika mezani. Majina ya wasichana yalimpotea mdomoni. Zaidi ya yote, kulikuwa na jambo ambalo hakuthubutu kumwambia mtu: alipozisikia patipati zao zikikaribia chumba chake, hasira ilimpanda, akatamani wapite tu, waende wakafie mbali. Kisha alijishtukia, akaomba Mungu amsamehe, akaenda kufungua mlango.

Siku moja ya Jumatano, wakati wa chakula cha mchana, aligonga Ummi. Alikuwa binti wa kidato cha pili, mtoto wa Abdulkadir mwenye duka la vitambaa mjini Kitui, msichana mpole ambaye hugonga mlango hata ukiwa wazi.

"Metroni, tumbo bado linaniuma. Ile dawa ya asubuhi nimeitapika."

"Si nilikwambia ulale?"

"Nimelala. Lakini Metroni—"

Kofi lilimkatiza. Lilimpata shavuni kwa nguvu, hata mtandio ukamtoka kichwani. Kaveke aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Miaka yote aliyofanya kazi hiyo hakuwahi kumpiga mtoto wa mtu.

Ummi hakulia. Alijifunika mtandio haraka haraka, akarudi nyuma.

"Samahani, Metroni," alisema, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

Kaveke alikwenda moja kwa moja ofisini akasema alilofanya. Madam Nzilani hakupoteza muda. Alimtia msichana garini, wakaenda hospitali Kitui. Ilikuwa homa ya matumbo, tena iliyokwisha kukomaa. Ummi alilazwa.

Kesho yake Abdulkadir alifika shuleni kuchukua sanduku la mwanawe. Kaveke alisimama kando ya mlango wa bweni, hana pa kuyaweka macho.

"Mama," mzee alisema, wala hakupaza sauti, "mimi mtoto wangu nilimwambia, ukiugua huko, nenda kwa Metroni. Huyo ndiye mama yako."

Afadhali angemtukana.

Alasiri hiyo Madam Nzilani alimwita. "Sheria ni sheria. Lazima bodi ijue. Na wewe uende nyumbani, uchukue likizo yako yote."

"Mnanifukuza, Madam?"

"Hapana. Nilipaswa kukutuma nyumbani zamani." Akaichezea kalamu yake. "Nilikuona ukiisha, Kaveke. Nikakusifu."

Alifika Kalamba kama mtu aliyetoka jela. Siku za kwanza alilala tu, na kila mara aliamka kwa mshtuko akitafuta viatu, akidhani ameitwa. Jikoni kwake hakujua chumvi inawekwa wapi. Mutunga alipika muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, akamwekea sahani, akatoka bila maswali. Majirani wa kanisani walikuja kumwombea, na yeye akajifanya amelala, maana aliona aibu.

Alasiri moja walikuwa uani wakipukuchua mbaazi. Kaveke akaanza kulia ghafla, mikono ikiwa bado kwenye ungo.

"Nilimpiga mtoto mgonjwa, Mutunga. Mgonjwa!"

"Najua. Habari zilinifikia."

"Mimi si mtu wa hivyo."

Mutunga aliuondoa ungo mikononi mwake. "Mimi nilidhani hutaki kurudi hapa," alisema. "Nikasema, wacha, amepata watu wake huko. Sikujua unaumia."

Kaveke alipangusa uso, akaurudia ungo. Tangu siku hiyo usingizi ulianza kuwa usingizi. Njaa ilirudi. Asubuhi moja alijikuta anacheka peke yake akimkumbuka msichana mmoja aliyeficha paka bwenini, na jina la msichana huyo likamjia bila kulitafuta. Akajua kuna kitu kimeanza kupona. Akajua pia kwamba haingetosha.

Kabla ya likizo kuisha alikwenda Kitui, dukani kwa Abdulkadir. Ummi alikuwa nyuma ya meza akikunja leso, amekonda lakini macho yana uhai. Baba yake alimwangalia Kaveke, kisha akamwangalia binti yake, akasogea kando.

"Ummi, nilikukosea. Nilikuwa nimechoka, lakini uchovu haukuwa wako. Naomba unisamehe."

Msichana alilaza leso juu ya nyingine, akaisawazisha pembe.

"Nimekusamehe, Metroni. Lakini sirudi huko. Nitasoma shule ya kutwa hapa mjini." Kisha, kwa sauti ndogo, "Nikikuona, bado naogopa."

"Ni haki yako," Kaveke alisema. Alitoka, akatafuta gari la kurudi Kalamba.

Bodi ilimpa onyo, ikamrudisha kazini, na safari hii ikaajiri metroni wa pili, Kavindu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Ijumaa ya kwanza ya zamu yake, Kaveke alimkabidhi funguo za bweni. Wasichana wawili walimfuata hadi langoni.

"Metroni, sasa sisi tutaangaliwa na nani?"

Zamani swali hilo lingemrudisha ndani.

"Kavindu yuko," aliwajibu. "Mimi naenda kwangu. Jumatatu tutaonana."

Alivuka barabara. Moyo ulimvuta nyuma, na hakuushinda mara moja, ila aliendelea kutembea.