Chai Isiyotiwa Maziwa

"Weka hayo maziwa mbali, Mama Oketcho."

"Siweki."

"Basi nitayamwaga."

"Mwaga! Mwaga tuone kama utarudi Busia na hayo masikio yako mawili."

Awor alikuwa amesimama mbele yangu, ng'ambo ya meko, kibuyu cha maziwa mkononi. Mimi nilikuwa nimechutama uani kwake, hapo Rubongi, upande wa Uganda, nikichochea moto. Mwanawe Oketcho ndiye aliyemwoa binti yangu Norah, na Norah alikuwa amelala ndani ya nyumba iliyokuwa mbele yangu, nyumba ambayo sikuruhusiwa kuikanyaga. Katika hilo kwao na kwetu ni sawa: mama wa mke haingii ndani ya nyumba ya mkwewe, wala hatazamani naye uso kwa uso.

Malaria ilikuwa imempiga vibaya. Hospitali walimdunga sindano, homa ikaisha, wakamrudisha nyumbani wakisema kilichobaki ni kula. Hakula. Uji ulirudi, mchuzi ulirudi. Alikuwa amebaki macho na mifupa, na mtu asiyekula hahitaji malaria kumuua.

Nilituma majani ya mchunga kupitia mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akivuka mpaka. Mchunga ni ule mmea wa majani yenye meno na ua la manjano. Ukiukata unatoa utomvu mweupe, na uchungu wake unaufahamu kabla hujaumeza. Mama yangu aliwanywesha wazazi waliotoka kujifungua na watu waliotoka homani, ili tumbo likumbuke njaa. Basi Awor akapokea majani yangu, akayachemsha mpaka yakalainika kama sukuma wiki, akatia maziwa na sukari, akampa mgonjwa. Yote yalitoka. Nilipopata habari hiyo nilifunga kikapu nikaja mwenyewe.

"Hiyo diploma yako ya ualimu," Awor akasema, "ilikufundisha kupika magugu?"

"Diploma ilinifundisha kunawa mikono. Magugu nilifundishwa na mama."

"Na mama yako alikufundisha kumpa mgonjwa chai kavu, bila maziwa? Chai kavu iko ya matanga! Huyo bado anapumua."

Kisha akatupa jicho upande wa ua wa minyaa, akashusha sauti. "Amuge anasikia. Kesho soko lote litasema Awor ana ng'ombe wanne, na mke wa mtoto wake anakufa kwa chai kavu."

Kumbe ndilo hilo! Mwanamke hakuwa akibishana nami juu ya tumbo. Alikuwa akiliokoa jina lake. Nikasimama, nikajipangusa majivu, nikapaza sauti kama ninavyofanya darasani.

"Amuge! Jirani!"

Ua ukatikisika. "Mimi hata sisikilizi!"

"Sikiliza, ili ukaseme sawasawa. Nyumba hii haina uchoyo. Mtoto wangu amenyweshwa maziwa mpaka yakamtokea puani. Anayekataza maziwa leo ni mimi, Edah, mama yake. Wakitaka kumtukana mtu, wanitukane mimi."

Ua ukatikisika tena. Kisha: "Nimesikia, mama. Sasa hayo maziwa yaliyokataliwa, yanakwenda wapi?"

Awor alijaribu kununa, akashindwa, kicheko kikamtoka. Akakipitisha kibuyu juu ya ua. "Chukua, mdomo mrefu wewe!"

Maji yalipochemka niliepua sufuria, nikatia majani, nikafunika. Hayachemshwi. Yanaachwa yatoe rangi polepole. Nikamimina kikombe, Awor akaingia nacho. Alitoka nacho kikiwa kimejaa vilevile.

"Amegeukia ukuta. Anasema hataki kutapika tena. Anamtaka mama yake."

Nikautazama mlango. Palikuwa karibu kiasi kwamba nilisikia kitanda kikilia alipojigeuza.

Nyuma ya nyumba sauti ya Oketcho ikasema, "Mama, mwambie mama mkwe aingie tu. Mimi nitajificha shambani."

"Nyamaza!" Awor akafoka. "Uingize balaa kwa mgonjwa? Wazee wa ukoo watakula nyama yangu!"

Alikuwa na hofu ya kweli, na sikuja kumwachia Norah ugomvi wa ukoo.

"Mama Oketcho, mwiko ni wa mimi kuingia?"

"Ndiyo."

"Kuna mwiko wa kitanda kutoka?"

Akaupima mlango kwa macho. Halafu akageuka. "Oketcho! Wewe na mdogo wako Fabiano! Ingieni mtoe kitanda nje, na mtu wake juu yake! Sasa hivi!"

Akanifunika kichwa kwa leso yake, akanigeuza nitazame ghala. Nikasikia vijana wakihema, mguu wa kitanda ukigonga mwimo wa mlango, Fabiano akisema, "Inamisha upande wako," na Norah wangu, ambaye siku nyingi hakuwa na nguvu ya kugombana na mtu, akipiga kelele: "Mtaniangusha, wajinga nyinyi!"

Nililia chini ya leso ile. Kwa furaha.

Vijana walipotoweka niligeuka. Alikuwa juani, amekunja uso. Nikamshika kichwa, akanywa.

"Chungu, Mama!"

"Najua. Meza."

Alimeza. Alimaliza kikombe. Awor alikuwa tayari na beseni, nikamwonyesha aliweke chini. Tulikaa pande mbili za kitanda kama askari wa zamu. Kivuli cha ghala kikasogea mpaka miguuni petu. Chai ilitulia ndani.

Norah akainua pua.

"Nani anachoma viazi?"

"Mimi!" Amuge akajibu kabla hajaulizwa, na mkono ukapita juu ya minyaa na kiazi kinachofuka moshi.

Awor alikidaka, akakimenya huku akiungua vidole, akamega kidogo. Norah akatafuna. Akameza. Awor akapiga kigelegele, Amuge akamjibu, na nyuma ya nyumba wanaume wawili wakaanza kupiga makofi.

"Acheni kelele," Norah akasema. "Nipeni kipande kingine."