Halbadiri ya Mafuta Meusi

Ijumaa ile, Salem bin Ubeid alisimama mlangoni pa duka lake mtaa wa Msimbazi akatangaza kwamba wiki ijayo, kabla ya sala ya Ijumaa, atamsomea halbadiri kila mtu aliyewahi kugusa mafuta yake bila idhini. Kariakoo ikanyamaza. Haikuwahi kunyamaza vile hata siku gavana alipopita na farasi wake.

Halbadiri si mchezo. Ikisomwa, mwizi huvimba tumbo kama ngoma, au macho yake huingia giza mchana kweupe. Kila mtu wa pwani ana shangazi yake aliyewahi kumwona mtu aliyevimba, ingawa ukimtafuta huyo shangazi, atakwambia yeye alisikia kwa jirani.

Lakini Salem hakuwa anamtafuta kila mtu. Alikuwa anamtafuta Safari, na Safari alijua.

Salem alikuwa Mwarabu wa mafuta: ya simsim, ya nazi, na samli. Nyuma ya duka lake palikuwa na kinu, na ngamia mzee aliyekizunguka tangu enzi ya Mjerumani bila kufika popote. Salem mwenyewe alizoea kudondosha tone la mafuta mgongoni mwa kiganja, akalisugua, akalinusa, kisha akakwambia: "Hii simsim ya Lindi, na aliyeikamua hakunawa mikono." Naye alikosea mara chache.

Mwaka huo wa 1937 alinunua lori la dizeli, la kwanza katika mitaa ile, akamweka Safari kuwa dereva na fundi wake. Safari alikuwa kijana wa Kizaramo, mwembamba, mwenye kucha zisizotakata hata sikukuu. Alilipenda lile lori kuliko alivyoweza kueleza. Tatizo lilikuwa moja. Mafuta ya injini yalitiwa Jumamosi yakiwa na rangi ya asali. Ikifika Jumanne yalikuwa meusi kama wino. Lori la petroli alilokuwa nalo Salem zamani halikuwa hivyo.

"Bwana Salem, dizeli ina masizi," Safari alimweleza. "Ndiyo yanayoyafanya mafuta kuwa meusi. Hayajaibwa."

"Mimi nimezaliwa ndani ya mafuta," alijibu Salem. "Sijaona mafuta yanayozeeka kwa siku tatu. Wewe unayakinga mapya, unayauza, unatia machafu ya watu wengine."

"Basi funga kifuniko kwa lakiri, Bwana. Tia nta na mhuri wako."

Salem akacheka kwa huruma. "Mwanangu, miaka thelathini nauza mafuta kwenye madebe ya lakiri. Hakuna lakiri nisiyoweza kuifungua na kuifunga tena."

Masikio yake yaliposikia alichokisema, akaongeza haraka: "Yaani, kama ningetaka."

"Basi panda nami mpaka Morogoro, ukae juu ya hiyo injini."

Hilo nalo halikuwezekana. Salem alinunua lori, lakini kulipanda kulimtapisha. Mjini alikwenda kwa punda.

Kwa hiyo ikabaki halbadiri. Na Safari, ambaye hakuuza hata tone moja la mafuta ya injini, alikosa usingizi kwa sababu ya nusu kikombe. Kikombe cha kahawa, kile kidogo. Miezi miwili nyuma alichukua nusu kikombe cha mafuta mapya akatia bawaba za mlango wa Bi Tatu, mjane aliyempangisha chumba, kwa sababu mlango ule ulipofunguliwa alfajiri ulipiga yowe.

"Kwa nusu kikombe," alisema Bi Tatu akikuna nazi, "utavimba kidole tu. Cha mguu."

"Bi Tatu, mimi siogopi kuvimba sana. Naogopa jina. Wakishasoma, hata nikipata mafua watasema ndiye. Mpaka nakufa nitaitwa Safari mwizi wa mafuta. Na mwanangu ataitwa mtoto wa mwizi wa mafuta."

"Una mwana?"

"Nitakuwa naye."

Bi Tatu akaacha kukuna. Alikuwa na ulimi wa pilipili, ila moyo wake ulikuwa wa ndizi mbivu. "Nenda kamwone mtani wako," alisema.

Mtani huyo alikuwa Melkiori, Mnyamwezi aliyefanya kazi katika karakana moja bandarini. Alimsikiliza Safari mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

"Ukivimba nitakuja kukuzika mimi," alisema. "Sanda nitalipa, ila godoro lako nalichukua. Mzaramo hajui kulalia godoro."

"Melkiori, nakuomba."

"Ngoja basi." Akaingia ndani, akatoka na mkebe wa chuma mzito, wenye kifuniko cha kukazwa kwa parafujo na kibomba chenye matundu katikati. "Ulikuwa kwenye injini ya mashua iliyovunjwa. Nimemwomba Mzungu wetu, akaniuliza nataka kupikia nini. Hili ni chujio la pembeni. Sikiliza vizuri, maana wewe una haraka. Mafuta mengi yanaendelea na kazi yake ndani ya injini. Machache tu yanapita kando, yanaingia humu, yanachujwa, yanarudi kwenye sampu, lile bakuli la mafuta chini ya injini. Kisha mengine, kisha mengine, mpaka yote yamepita. Ukiyalazimisha yote kupita hapa kwa pamoja, injini itakufa kwa kiu huku imekaa juu ya kisima."

Jumatatu jioni Safari alipomsimulia Bi Tatu, yule mama alielewa mara moja. "Kama wanawake bombani," alisema. "Mmoja anateka, wengine wanaendelea kusengenya. Kazi haisimami."

Shida ilikuwa tumbo la ule mkebe. Pamba iliyokuwemo ilikuwa imeliwa na panya. Bi Tatu akaleta kifumbu chake cha kuchujia tui, lakini Melkiori, aliyekuja na bomba jembamba la shaba, akakiinua juu kwenye mwanga akacheka. "Mama, masizi si machicha ya nazi. Yatapita hapa yakiimba. Inatakiwa nguo nyembamba, ndefu, iliyofumwa kwa kubanana, tuiviringe kwa nguvu mpaka iwe ngumu kama gogo."

Bi Tatu alijitanda kanga akatoka, akaelekea nyumbani kwa Salem, na kesho yake asubuhi Safari akaitwa uani kwa Salem. Pazia la mlango wa ndani likatikisika. Nyuma yake alikuwa Bi Azza, mke wa Salem.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. We Safari, halbadiri ya mume wangu inasema nani? Aliyegusa mafuta ya injini, au aliyegusa mafuta?"

"Mafuta, Bibi. Yoyote."

"Ndicho nilichosikia." Akashusha pumzi. "Kila mwezi nampelekea mdogo wangu Hind vibaba viwili vya samli. Mwaka wa tisa huu. Mchunga ngamia anajipaka mafuta ya nazi mpaka visigino. Na hata Maalim Abdulla, ambaye ndiye atakayesoma hicho kisomo, taa za chuo chake zinawaka kwa simsim ya hapa, na sidhani kama kuna aliyeomba. Mtaa mzima utavimba, mwanangu. Nani atazika nani?"

Mkono ukatoka pazia likiwa limefungwa, umeshika kitambaa cheupe kilichokunjwa. Kilikuwa kilemba cha melimeli, chenye taraza ya hariri pembeni.

"Cha harusi ya mume wangu," alisema Bi Azza. "Taraza alishona marehemu mama yake. Miaka ishirini na mitano kimo sandukuni. Hakizunguki tena, kichwa kimekua."

"Kichwa cha mtu mzima kinakua, Bibi?"

"Cha mtu mwenye lori kinakua. Chukua."

Siku hiyohiyo Salem alimwaga mafuta machafu, akatia mapya kwa mkono wake, akamwangalia Safari kwa jicho la kuagana na maiti. Alipokwenda kusali adhuhuri, Safari na Melkiori wakaingia chini ya boneti. Walikiviringa kilemba kwenye kile kibomba chenye matundu, wakikivuta kwa nguvu, mpaka kikajaa mkebe barabara. Mkebe wakaufunga ubavuni mwa injini. Bomba la shaba wakaliunga palepale lilipoungwa lile la geji ya msukumo wa mafuta, na la kurudishia wakalishusha kwenye sampu. Palibaki kutoboa kizibo kidogo cha mdomo wa mkebe, ambacho tundu lake ndilo lingeamua mafuta kiasi gani yapite.

"Tundu la sindano," alisema Melkiori. "Lisizidi."

Safari alikuwa na msumari mkononi na saa haikumngoja. Akatoboa. Walipowasha injini, mshale wa geji ulilala chini kama mlevi.

"Zima! Zima, we Mzaramo! Nimekwambia sindano, wewe unatoboa mlango wa kanisa!"

Wakakiziba kwa risasi ya kulehemu, na Bi Tatu, aliyekuwa akiwalindia lango, akakimbilia nyumbani kwake kutafuta sindano yake ya kushonea kofia. Mara ya pili mshale ulipanda, ukasita, ukasimama pale unapotakiwa. Safari akauangalia muda mrefu bila kupepesa. Ngamia aliyekuwa karibu aliendelea kuzunguka. Katika uwanja ule wote, yeye peke yake ndiye asiyekuwa na la kuogopa.

Safari akaenda Morogoro, akapakia simsim, akarudi. Ijumaa saa tatu asubuhi aliingia uwanjani akakuta watu wamejaa mpaka juu ya ukuta. Maalim Abdulla alikuwa ameketi kwenye mkeka, kitabu kwenye paja, jasho likimtoka katika asubuhi ya upepo.

Salem akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akalidondosha tone mgongoni mwa kiganja. Lilikuwa na rangi ya asali. Asali ya msituni, ile iliyokolea kidogo, lakini asali. Akasugua. Akanusa. Akachungulia tena kijiti kana kwamba kimemdanganya.

"Siku tatu," alisema. "Morogoro kwenda na kurudi."

"Ndiyo, Bwana," alisema Safari.

Salem akawageukia watu, uso ukimeremeta. "Mmeona? Hata hatujasoma! Mwizi amesikia tu jina la halbadiri, ameacha kuiba!"

Uwanja ukaguna. Wiki nzima Safari alikuwa amehangaika kuyasafisha mafuta, na kumbe alikuwa anajitengenezea ushahidi. Melkiori, aliyekuwa ameegemea lori, akamnong'oneza: "Godoro liko wapi, uniambie mapema."

Angeweza kunyamaza. Halbadiri ilikuwa imeahirika, Bi Azza angepona, Maalim angepona, na nusu kikombe chake kingepotea katika kelele zile. Lililobaki lilikuwa jina lake tu. Akachukua spana.

"Bwana Salem, ngoja." Akalegeza parafujo, akainua kifuniko, akautoa ule mviringo wa nguo. Ulikuwa mweusi tii, unachuruzika, mzito kama mtoto mchanga. Akaulaza juu ya gunia mbele ya Salem.

"Nini hiki?"

"Kifungue, Bwana. Mwenyewe."

Salem akakunja mikono ya kanzu. Mkunjo wa kwanza ulitoka na masizi ya kushikika, kama ugoro. Wa tano ulikuwa mweusi. Wa kumi ukawa kahawia. Aliendelea kufungua, taratibu zaidi, na kadiri alivyokaribia katikati ndivyo nguo ilivyozidi kung'aa, mpaka mkunjo wa mwisho ukatoka mweupe, na pembeni yake taraza ya hariri.

Salem alishika ile taraza kwa vidole viwili.

Kisha akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Alirudi kwenye mikunjo ya nje, akachukua masizi, akayasugua mgongoni mwa kiganja, akayanusa. Maisha yake yote alikuwa akichuja simsim kwa nguo. Alijua hakuna mtu awezaye kuipaka nguo rangi namna ile, nyeusi nje na nyeupe ndani, ikififia mkunjo kwa mkunjo. Hiyo ni kazi ya mafuta yaliyopita polepole, yakiacha uchafu wake njiani.

"Haya ni mashudu," alisema kwa sauti ndogo. "Mashudu ya injini. Inakamua masizi kama kinu changu."

"Ndiyo, Bwana."

"Hukuiba."

"Sikuiba, Bwana." Safari akaiweka spana chini. "Ila kuna nusu kikombe. Cha kahawa. Nilitia bawaba za Bi Tatu."

Maalim Abdulla akafumba macho. Salem akageuka polepole.

"Mlango wa Bi Tatu? Ule uliokuwa unalia alfajiri mpaka nikadhani ngamia wangu anachinjwa?"

"Ndio huo."

"Hiyo sadaka," alisema Salem. "Maalim, funga kitabu. Hakuna kisomo leo."

Maalim alikifunga kwa kasi iliyozima chetezo cha ubani, akainuka akisema muda wa Ijumaa umekaribia, ingawa ulikuwa bado saa tatu mbele.

Salem alibaki amesimama juu ya kilemba cha harusi yake. Watu walisubiri atukane, au aulize nani alifungua sanduku. Hakuuliza. Akainua mikono, akaanza kukifungua kilemba alichovaa, mzunguko kwa mzunguko, mpaka akabaki na kofia tu, na masikio ambayo Kariakoo haikuwahi kuyaona. Akamkabidhi Safari.

"Hiki cha safari inayofuata."

Safari alikipokea kwa mikono miwili. Alitaka kusema neno kubwa, lakini fundi ni fundi, akakipima kwa macho kwanza.

"Ahsante, Bwana. Ila ni kirefu mno. Hakitaingia kwenye mkebe."

Sauti ya Bi Azza ikatoka nyuma ya pazia.

"Kata hapohapo, mwanangu. Kichwa chenyewe leo kimepungua."