Uzi Mnene wa Zamoyoni

Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Ndivyo nilivyofundishwa tangu utoto. Lakini kwetu Ngokolo mambo yalikwenda kinyume: wa mbali walianza wao, wakalia mpaka sauti zikawakauka, wakala na wali, na mimi mwenye msiba nilikuwa bado nimesimama mlangoni nawatazama. Mkwe wangu, Bi Mwahija, alikuwa ameshaninunulia kaniki. Shehe alikuwa ameshasema niingie ndani nikae eda. Nikawaambia wote, kwa sauti ambayo hata wapita njia waliisikia, kwamba mume wangu Zamoyoni hajafa na mimi si mjane.

"Una ushahidi gani, Mwamvua?" mkwe wangu aliniuliza taratibu. Yeye hakulia, ingawa Zamoyoni alikuwa mwanawe wa pekee. Nilidhani ana moyo mgumu.

"Gitaa lake bado limefungwa kwa mkono wa kushoto," nikamjibu.

Wakatazamana. Mmoja akanong'ona kwamba akili imeniruka. Sikumjibu, maana alikuwa na kisahani changu mkononi na angeweza kukiangusha.

Zamoyoni alikuwa mpiga gitaa la besi wa Pamba Nyota Jazz, bendi ya kiwanda cha kuchambua pamba hapa Shinyanga. Siku za kazi alisukuma marobota, Jumamosi akapiga dansi. Alikuwa mtu wa mashoto. Alipokuwa mdogo mwalimu wa chuo cha Kurani alimchapa mpaka akajifunza kula na kuandika kwa mkono wa kuume, lakini gitaa halikuwamo katika mafunzo ya chuo, basi huko mkono wa kushoto ukajipatia uhuru wake.

Tatizo ni kwamba bendi ilikuwa na besi moja tu, kuukuu, na wapigaji wawili: yeye na Donatus, ambaye alipiga kwa mkono wa kuume kama watu wengi. Na ada ya bendi, desturi yake, ni kwamba chombo hakina mwenyewe. Huwezi kukirekebisha kikufae wewe, mwenzako akashindwa. Kwa hiyo miaka yote hiyo Zamoyoni alilipindua gitaa kichwa chini miguu juu, nyuzi nyembamba zikawa juu na nene zikawa chini, akajifunza kulipiga hivyo hivyo, kinyumenyume. Watu walicheza, hawakujua kwamba yule bwana pale nyuma kila usiku anapika kwenye jiko la mwenzake.

Nami nilikuwa na sehemu yangu katika muziki ule. Nilichemsha nyuzi. Msicheke. Miaka ile hata sabuni tuliipanga foleni, seuze nyuzi za besi. Uzi ukichoka sauti yake hufubaa. Ukiuchemsha, jasho na uchafu hutoka, sauti ikarudi kwa dansi mbili tatu. Sufuria yangu ya maharage ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Niligomba kila mara, na kila mara nikawasha moto.

Siku kiwanda kilipokubali kununua besi mpya, kiongozi wa bendi, Mihayo, alisimama kwenye kikao akasema: ile ya zamani abaki nayo Donatus, na hii mpya iwe ya Zamoyoni, aitengeneze apendavyo. Mihayo ni mpole, anapiga tarumbeta, hajazoea kusimama vikaoni. Zamoyoni alirudi nyumbani akaketi kitandani na viatu vyake. "Nitageuza nyuzi," akasema. "Nene juu, nyembamba chini. Nitapiga kama mtu."

Tulikwenda Mwanza kwa treni, mimi, yeye na Mihayo. Mimi nilisingizia kwamba namwona shangazi. Dukani zilikuwepo besi mbili tu. Moja ya rangi ya kahawia, vigingi vya kukazia nyuzi viwili upande huu wa kichwa, viwili upande ule. Ya pili nyekundu, vigingi vyote vinne vimepangana upande mmoja. Umeme ulikuwa umekatika mjini, hakuna spika ya kujaribia. Mihayo akasema turudi kesho. Zamoyoni hakumsikia. Alichukua lile la kahawia, akaegemeza taya yake kwenye ubao, akagusa uzi mnene kwa kidole, akafumba macho. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa jekundu. Akarudia. Muuzaji akawa anatutazama sisi badala ya kumtazama yeye.

"Lile linasema halafu linanyamaza," Zamoyoni akasema. "Hili linakaa. Njoo usikie, Mwamvua."

Nikaweka taya yangu mahali alipoweka yake. Ubao ulitetema mpaka kwenye meno, ukatetema, ukaendelea. Nilicheka kwa aibu, kwa sababu tulikuwa mbele ya watu.

Tukachukua jekundu. Navichukia vigingi vile vinne mpaka leo.

Kazi ya kuligeuza ilifanyika uani kwetu, kwenye mkeka. Alifungua nyuzi zote. Aliziba tundu la mkanda kwa kijiti na gundi, akatoboa jingine upande wa pili ili gitaa lining'inie sawa begani. Kisha kikabaki kile kipande kidogo kinachokaa pale kichwa kinapokutana na shingo, chenye vijia vinne ambamo nyuzi hupita. Yeye alikiita kizingiti. Kijia cha uzi mnene ni kipana, cha uzi mwembamba ni chembamba. Ukigeuza nyuzi, kizingiti cha zamani hakifai. Basi nikampa mfupa wa mguu wa ng'ombe wa Idd Kubwa, niliouchemsha na kuuanika mpaka ukawa mweupe. Akaukata, akausugua kwa tupa aliyoazima kiwandani, mimi nikaushika kwa vidole ili usitikisike. Vumbi la mfupa lilitujaa kwenye nyusi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na nasema hivyo bila kuona haya.

Halafu akaanza kufunga nyuzi, na uzi mnene haukufika.

Gitaa lilikuja limeshafungwa nyuzi, na kila uzi ulikuwa umekatwa kwa kipimo cha kigingi chake. Uzi mnene ulikatwa kwa ajili ya kigingi cha karibu. Sasa, baada ya kugeuza, kigingi chake kilikuwa kile cha mbali kuliko vyote. Ulipungua kidogo tu, upana wa vidole vya mkono mmoja. Lile la kahawia lingegeuzwa bila neno. Zamoyoni alinyoosha uzi ule mara kwa mara, kana kwamba ungeona huruma ukarefuka.

Akaunga kwa waya wa breki ya baiskeli. Uliungika vizuri, ukashika sauti, akapiga nao hapa mjini. Nilikwenda kumwona. Alisimama wima, mkono wa kushoto unatembea juu ya nyuzi zilizokaa mahali pake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika kwake. Kisha bendi ikaenda Maganzo, kwa wachimba almasi, na katikati ya dansi kiungo kikakatika. Wale watu walikuwa wamekunywa. "Mashoto, nyuzi tatu!" wakaimba ukumbi mzima. Alirudi nyumbani asitake chai.

Uzi mmoja mmoja haukuuzwa Shinyanga wala Mwanza. Lakini Rwamgasa, kwenye dhahabu, walikuwa wakifika wachuuzi kutoka nchi zote zinazotuzunguka, wanaleta redio, saa, vitenge, kila kitu. Zamoyoni akaomba likizo kiwandani, hela ya uzi aipate huko huko kwa kibarua.

"Uende machimboni kwa uzi mmoja?" nikamuuliza. "Chukua hata kibarua cha kubeba mizigo ya wachuuzi, usijiingize shimoni!"

"Uzi mmoja tu, Mwamvua. Nikiupata, napanda gari linalofuata."

Nilimfungia chapati. Hakuna neno la maana nililomwambia. Nilimwambia asisahau kurudisha kitambaa cha chapati.

Habari ilikuja kwa madereva: duara limetitia Rwamgasa, watu wako chini. Ndivyo wasemavyo huko. Duara ni shimo la kuchimbia, na kutitia ni kuta kukutana. Waliotolewa walitolewa, wengine kifusi kikabaki juu yao. Machimboni hakuna anayejulikana kwa jina alilopewa na babake, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwa hakika nani yuko chini. Mkwe wangu alituma watu wakaulize. Walirudi na mikono mitupu, na ndipo wa mbali wakaanza kilio chao.

Mimi nilikuwa na gitaa. Mihayo alilitundika stoo ya ukumbi vile vile, nyuzi tatu, kwa mkono wa kushoto. Donatus aliendelea na ile kuukuu. Kila Ijumaa nilikwenda kulifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya pamba kidogo. Nilijiambia kwamba wanaume wa bendi si wajinga. Kama wangejua amekufa, wangelipindua wakalipiga. Maadamu limekaa kushoto, wanamsubiri, na mimi nina wenzangu katika kusubiri.

Mvua zilipokaribia kwisha alikuja kijana mmoja mwembamba, akaniamkia kwa Kisukuma, akiniita mama. "Mwadila, mayu." Jina lake Selestine. Alikataa kiti, akachuchumaa ukutani. Akatoa bahasha ya nailoni, ndani yake uzi umeviringwa, mnene, mrefu, mpya.

"Ni wa Mashoto," akasema. "Sisi tulimwita hivyo. Aliupata kwa mchuuzi wa Burundi, akanipa nimtunzie, maana kambini kuna wezi. Alikuwa aondoke kesho yake."

"Kama alikuwa aondoke, alishuka kufanya nini?"

Selestine akatazama vidole vyake vya miguu. "Ilikuwa zamu yangu, mayu. Nilikuwa na homa. Mtu akikosekana, zamu nzima hairuhusiwi kushuka, na wenzangu walikuwa na njaa. Akasema, lala, nitashuka mimi."

Hapo mtu mwenye akili angelia. Mimi nilimuuliza kama aliuona mwili. Akasema hakuuona. Nikamwambia, "Basi." Nilimpa uji akanywa. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote kati ya hayo.

Uzi ule niliupeleka kwa Mihayo siku ile ile. Akaufunga bila kunibishia. Ukapita kwenye kijia kipana cha mfupa, ukafika kigingi cha mbali, ukazunguka, ukabaki na ziada kidogo. Gitaa likatimia. Tukalitundika tena, na mimi nikarudi nyumbani nikaendelea kupika kwa watu wawili.

Kisha besi ya zamani ikavunjika shingo, ikafa moja kwa moja. Msimu wa pamba ulikuwa unakwisha na kiwanda kilikuwa na sherehe yake. Alasiri moja Mihayo alibisha hodi, Donatus nyuma yake, na gitaa jekundu limefungwa kwenye shuka.

"Shikamoo, mama," Mihayo alimwambia mkwe wangu, aliyekuwa akitoka uani kuingia ndani, kisha akanigeukia. "Shemeji, kiwanda kimeamuru. Donatus apige hili. Mimi nimewaambia siligeuzi mpaka wewe useme."

"Basi sisemi."

"Sitaligusa, shemeji," Donatus akasema. Machozi yalikuwa yakimtiririka wala hayafuti. "Waniachishe bendi. Sitaligusa."

Mihayo akaeleza lile nililokuwa nalijua kuliko yeye. Kurudisha nyuzi kwa mkono wa kuume ni kuurudisha uzi mnene kwenye kigingi cha karibu. Huko ungekuwa mrefu mno, mnene mno. Kigingi kisingeweza kuumeza wote. Lazima ukatwe, maana ule wa kwanza ulifumuka Maganzo na nyuzi za besi kuukuu zilikuwa zimekwisha kwa kuchemshwa. Na ukishakatwa haurudi tena kushoto. Zamoyoni angetokea mlangoni kesho, angekuta uzi umepungua tena, upana wa vidole vya mkono mmoja.

Alikuwa amekuja na koleo mfukoni. Hakulitoa mpaka nilipomwambia alitoe.

Nililichukua gitaa mapajani. Niliweka taya yangu kwenye ubao, mahali pale pale, nikagusa uzi mnene kwa kidole cha mkono wa kushoto. Ukatetema mpaka kwenye meno. Ulikaa, kama alivyosema. Nilifumba macho nikaufuata, na nilijiambia kwamba maadamu nausikia sitakata. Ukapungua, nikaendelea kuusikia. Ukapungua tena, nikawa sijui kama nausikia au naukumbuka. Halafu ukanyamaza. Hata lile linalokaa lilinyamaza.

Nikaukata uzi wa mume wangu kwa mkono wangu mwenyewe. Ulilia kidogo ulipokatika.

Mihayo akalegeza zilizobaki, akakibandua kizingiti, akakiweka kwenye kiganja changu pamoja na kile kipande cha uzi. Wajane wenzangu hupewa maiti wakaikosha, wakaisitiri. Mimi nilipewa mfupa, tena wa ng'ombe, wenye vijia vinne, na alama ya tupa pale ambapo mkono wake uliteleza nikamcheka.

Niliingia ndani. Bi Mwahija alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kaniki imekunjwa mapajani mwake, na nikatambua kwamba amekuwa akiketi hivyo tangu siku ile ya kwanza, ananisubiri mimi, kwa sababu mke ndiye mfiwa na yeye alikuwa mtu wa ada.

"Mama," nikamwambia, "nitandikie mkeka. Leo naanza eda."

Nikalia. Nilianza mimi, ndipo na yeye akaingia.