Meli Husimama kwa Kilio

Watu wa mtaa wa Kasenga walitaka habari za bwawa la kuogelea. Capitoline alirudi Uvira siku ya Jumanne, baada ya miezi kumi na mmoja ya kusafisha vyumba kwenye meli ya watalii, na kabla hajaweka valizi chini majirani walishajaa uani. Ni kweli iko na orofa kumi na sita? Ni kweli kuna maduka ndani, na sinema, na mahali pa kuteleza juu ya barafu huku nje jua linawaka? Ndiyo, ni kweli. Na chakula kinachomwagwa kwa siku moja kingelisha mji wa Sange mzima na kikabaki. Aliwaambia yote, akawaonyesha na picha. Si hayo waliyoyafuata?

Hakuwaambia kwamba bahari yenyewe hakuiona. Cheka ukitaka. Mtu anakaa baharini karibu mwaka mzima, halafu maji anayachungulia dakika mbili tu, kwenye mlango wa chuma, akienda kutupa takataka. Alilala chini kabisa, chumba hakina dirisha, kitanda juu ya kitanda. Asubuhi ni vyumba kumi na vinane, na mapumziko ya Jumapili hakuna. Asugue vyoo, atandike, kisha akunje taulo mpaka litoke tembo, maana eti bwana mkubwa akirudi kutoka kula anataka akute tembo kitandani. Akikutana na abiria koridoni, ajibanze ukutani na kutabasamu. Tabasamu hilo liliandikwa kwenye mkataba, na shefu wa vyumba, msimamizi wake, alilikagua kama alivyokagua vyoo.

Baba yake, mzee Ngongo, hakuuliza habari za bwawa. Alikaa kwenye kiti chake akingoja watu waishe.

Huyu mzee aliendesha boti za mbao ziwani miaka thelathini, kutoka Kalundu hadi Baraka na kurudi. Kwenye boti zile kuna desturi moja ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna anayeivunja. Abiria akipata habari ya kifo njiani, nahodha anageuza boti, anamshusha kwenye kijiji cha karibu ili atafute gari au pikipiki awahi mazishi. Mzigo uoze, wafanyabiashara wachelewe, hakuna anayenung'unika. Ngongo alishawashusha watu hivyo hata hesabu haijui.

Basi siku Capitoline alipompigia simu na kumsimulia kwamba meli yao ilirudi nyuma nusu siku nzima kwa ajili ya abiria mzee aliyeshikwa na moyo, Ngongo alifurahi sana. Alizunguka Kasenga akisema, "Munaona? Hata kule ni watu kama sisi."

Miezi miwili baadaye mama, Marie-Jeanne, akafa. Meli ilikuwa katikati ya bahari, siku ya pili kati ya siku sita za kuvuka bila kuona nchi. Aliyepiga simu alikuwa Gédéon, mdogo wake Capitoline, lakini baba akamnyang'anya.

"Muambie kapiteni," alisema. "Akusogeze pwani yoyote. Mama yako hazikwi bila weye. Minye nakungoja."

"Ndiyo, Papa," alijibu. Kesho yake akapiga tena. "Nimemuuliza, Papa. Amekataa."

Hakumuuliza. Hakumuuliza kapiteni, hakumuuliza shefu, hakumuuliza hata mtu wa jikoni. Alifika mpaka mlangoni kwa shefu akainua mkono kugonga, kisha akaushusha. Anayeomba kushuka, mkataba wake umekwisha hapo hapo, na nafasi yake anapewa mwingine. Halafu jibu si alikuwa analijua? Kwa mzee aliyelipa, meli inarudi. Kwa msugua vyoo, nani ageuze usukani? Akanawa uso, akaenda kukunja matembo kumi na manane, akatabasamu.

Ngongo hakuamini kwamba kuna nahodha duniani anayeweza kukataa. Akasema kapiteni atafikiri tena, tungoje. Aliiacha maiti siku tano. Ndugu za marehemu walishuka kutoka Lemera kumzika dada yao wakakuta sanduku limepigwa misumari, maana hapakuwa tena na uso wa kuonyesha watu. Wakazika, wakaondoka bila kula. Tangu siku ile hawajakanyaga kwa Ngongo, na kwao wanasema aliiozesha maiti ya dada yao kwa ujeuri.

Majirani walipokwisha kutoka, mzee akavuta kiti karibu.

"Jumapili tunapanda Lemera," alisema. "Wajomba zako wasikie kwa kinywa chako namna yule mtu alivyokukatalia. Minye hawanisikii. Alisema nini? Nataka maneno yake."

Capitoline angeweza kutunga. Kwenye meli alijifunza uongo wa kila aina. Lakini mzee alikuwa amekonda, shati limempwaya, na alimwangalia kama mtu anayengoja dawa.

"Sikumuuliza, Papa."

"Hukumuuliza nani?"

"Hakuna hata mmoja. Niliogopa kazi. Nilijua watakataa."

Gédéon aliacha kuchezea simu.

"Kila asubuhi ninaanza kwa kumlaani yule kapiteni," mzee alisema. "Kabla ya kusali. Kumbe mtu wa watu hata hajui kama niko."

"Nisamehe, Papa."

Mzee akarudisha kiti chake nyuma.

"Basi Lemera tusiende," Gédéon alisema.

"Tutaenda. Atawaambia alivyoniambia minye kwenye simu. Wakijua ni mtoto wao mwenyewe hakuuliza, watamzika dada yao mara ya pili."

Jumapili walipanda. Capitoline alisimama mbele ya wajomba akasema: nilimuuliza kapiteni, nililia, alikataa. Machozi yalimtoka kweli, na yakamsaidia. Wajomba walitikisa vichwa. Mkubwa wao, mzee Marcellin, alimkumbatia Ngongo, akamwomba msamaha mbele ya wote, na wake zao wakaleta chakula.

Kabla ya kula, Marcellin akaomba wasimame. Alifumba macho.

"Mungu, unamjua aliyemzuia huyu mtoto asimzike mama yake. Sisi hatumjui jina. Mlipe. Siku yake ikifika, naye akose wa kumtia udongo."

"Amina," waliitikia wote, wake kwa waume.

Capitoline hakufumba macho. Alikuwa anamtazama baba yake, akimwomba kimoyomoyo anyamaze, neno hilo moja tu lisimtoke. Ngongo aliinamisha kichwa, akakaa hivyo mpaka sauti za wengine zikaisha.

"Amina," akasema.

Kisha akanawa mikono, wakala.