Mvinyo wa Hombolo

Lennox ni mtoto wangu wa pekee, na mwaka wa 1998 nilimpoteza kwa sababu ya sufuria na huu mdomo wangu.

Alikuwa anaendesha lori la simenti kutoka Athi River mpaka Dodoma. Huko akampata Perisi, msichana Mgogo, baba yake mkulima wa zabibu kule Hombolo. Sikumtaka. Si kwa ubaya wake, hapana, msichana alikuwa na heshima kunishinda. Niliona tu atanivutia kijana ng'ambo ya mpaka wa Namanga, na sisi tumeshamjengea vyumba viwili hapa Kitengela, mabati mapya, hata choo chake.

Basi siku ikafika, baba Perisi akaja na binti yake kuona boma letu. Mzee Chibago, mwembamba, koti la kijivu. Alibeba chupa tatu amezifunga kwa shuka, akamkabidhi mume wangu Wanyonyi kwa mikono miwili, mbele ya jamaa zetu.

"Mvinyo mwekundu wa shamba langu," akasema. "Nimeutengeneza mwenyewe."

Zikaletwa jikoni kwangu. Jirani yangu Amolo akafungua moja, akaonja, akatema mpaka kwa majivu.

"Mama Lennox, hii imeharibika! Chungu kama dawa ya malaria!"

Nikaonja. Chungu kweli, na inakausha ulimi. Sasa sisi Wabukusu tunajua busaa, pombe yetu ya nafaka, na busaa inatiwa maji moto ndio mgeni aone umemjali. Nikamimina chupa zote tatu ndani ya sufuria, nikaongeza birika la maji yaliyochemka, na sukari kilo nzima. Amolo akaonja tena, akasema sasa ni kinywaji.

Kwa miaka mingi nimejiambia nilifanya hivyo kwa ukarimu. Nusu ni kweli. Hiyo nusu ingine, nilikuwa nataka kucheka.

Kwetu aliyeleta pombe ndiye huionja kwanza, watu waone haina sumu. Kwa hivyo kikombe cha kwanza nikampa Mzee Chibago, kinatoa mvuke.

"Karibu mkwe, chai ya Dodoma!"

Nyumba yote ikacheka. Mzee akanywa kidogo. Akaangalia ndani ya kikombe, akakiweka chini polepole.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi, mkwe. Ilikuwa mgonjwa, nikaiponya."

"Haikuwa mgonjwa, mama. Ndivyo ulivyo. Msimu huu mvua ilitunyima. Zabibu zote nilizovuna zilijaza chupa hizo tatu tu."

Hapo ndipo mwanamke mwenye akili angepiga magoti. Lennox aliniangalia, macho yananiomba. Wanyonyi akakohoa. Lakini watu walikuwa wananingoja, na mimi nikiona watu wananingoja, mdomo haukai.

"Basi mwaka ujao panda na miwa katikati, mkwe, iwe tamu tangu shambani!"

Amolo alicheka mpaka leso ikamtoka kichwani. Wanaume wetu wakapiga magoti yao makofi. Perisi akainamisha kichwa.

Mzee akasimama, akakunja ile shuka yake tupu. Hakupandisha sauti.

"Jasho langu mmelicheka nikiwa nimeketi hapa. Binti yangu mtamfanyia nini nikiwa mbali? Perisi, twende."

"Baba Perisi, mama anatania tu," Lennox akasema.

"Najua anatania, mwanangu."

Lennox aliwasindikiza hadi stendi. Nilimwekea chakula, nikakifunika. Kumbe alivuka nao mpaka. Walioana Hombolo mwaka uliofuata, na sisi hatukuitwa. Wanyonyi alikaa wiki nzima bila kunisemesha, na alipoanza tena alikuwa anauliza chumvi tu.

Vile vyumba viwili nikampangisha mwalimu.

Mwaka wa 2006 Wanyonyi alipofariki, Lennox alikuja kuzika. Alikuja peke yake, akalala lojing'i huko Kajiado. Nikamuuliza ana watoto wangapi.

"Watatu."

"Wanajua wako na nyanya Kenya?"

"Wanajua nilizaliwa huku."

Jioni hiyo alikuja kuniaga, akaanza kwa salamu ya adabu ya watu wa kule, ameinama. "Shikamoo, mama." Nilijua kuna jibu lake, tulifundishwa shuleni, lakini halikunijia. Akaingia barabarani.

Majirani hapa kwa plot wanasema siku hizi nimetulia.