Shimo Moja Mbele ya Simu

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, mwendo wa saa nne asubuhi, nilichimba shimo moja la mahindi mbele ya simu ya binti yangu. Tangu siku hiyo boma langu halina amani. Nikikaa nasimama, nikisimama natembea, nikifika langoni narudi. Hata mbwa ameacha kunifuata. Alinifuata mwanzo, akaona safari yenyewe haifiki popote, akalala zake.

Nitasema yote, lakini nianze na walioleta shida. Kama gari la wagonjwa la kituo chetu cha afya lingetoka siku ile, mke wangu Priscilla angekuwa hai, na Priscilla akiwa hai hakuna cha shimo wala simu. Gari lilikuwepo. Nililiona kwa macho yangu, jeupe, limeoshwa, jina la mheshimiwa aliyelileta limeandikwa ubavuni. Dereva naye alikuwepo, amekaa kwenye benchi. Ufunguo ndio haukuwepo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mkubwa wake, na mkubwa wake alikuwa semina. Nikaambiwa, mzee, ngoja. Pumzi ya mke wangu ilikatika mimi nikingoja ufunguo. Mpaka leo hakuna aliyekuja kusema pole, na hakuna aliyeulizwa. Wakubwa ndivyo walivyo. Kitu ni cha watu wote, ufunguo ni wao.

Basi. Sisi Wajaluo wa upande huu wa Rodi Kopany hatupandi ovyo. Mvua ya kwanza ikinyesha, baba wa boma na mke wake ndio wanaotangulia. Tunaita golo kodhi, kuitoa mbegu. Mwana aliyeoa na kujenga ndani ya boma hatii hata punje udongoni kabla ya wazazi. Akitangulia, chira, laana ya kuvunja mwiko, inaingia, watoto wanakonda na hospitali haioni ugonjwa. Mimi na Priscilla tulifanya hivi kila mwaka: nachimba shimo, yeye anatia punje kutoka kwenye kopo la mafuta ya Kasuku alimoweka mbegu na majivu, halafu namuuliza, "Nifunike?" Naye anasema, "Funika." Ni hayo tu. Baada ya hapo unasikia jembe la mwanangu Bonface upande wa pili.

Sasa Priscilla amelala pale, kushoto kwa mlango. Wazee waliniambia nitafute mama mwingine wa kutoa mbegu. Nikasema sitaki. Wakasema basi ngoja. Ningoje nini, hawakusema. Walimaliza chai wakaenda. Mvua ikaja. Kuanzia Kosele mpaka kwetu watu wakapanda, na Bonface akabaki ameegemea jembe. Ghala lake lilikuwa tupu, kwa sababu mahindi yote ya msimu uliopita yaliliwa matangani, tukilisha watu wa kumzika mama yake. Kwa hiyo asipopanda mvua hii, wajukuu wangu hawana chakula. Hilo nalijua, msinifundishe.

Bonface hakunisema kwa mdomo. Mke wake Joyline ndiye alikuwa anasema, na yeye hasemi na mimi, kwa sababu mke wa mwana haongei ovyo na baba mkwe. Alikuwa anasema na kuku.

"Nyinyi kuku kuleni majani," anawaambia, karibu kabisa na mahali nimekaa. "Babu bado anafikiria. Kwetu Migori kuku walishapandiwa zamani."

Nikasimama nikatembea.

Ndipo Phanice akaja. Ni kitinda mimba wangu, anasuka nywele saluni moja hapo Migori mjini, na jioni anasoma chuo kwa simu. Mimi niliishia darasa la tano, kwa hiyo sikubishana. Nilimuuliza tu unasoma nini.

"Anthropolojia ya utamaduni, baba. Ni somo la kuanzia tu. Unasoma vile watu wanaishi."

"Watu gani?"

"Watu wote. Hata sisi."

"Na unalipa?"

"Ee, nalipa."

"Unalipa mtu wa Nairobi akufundishe vile sisi tunaishi?"

Akacheka. Ana kicheko cha mama yake, hicho nacho ni shida nyingine. Akanieleza kwamba mwalimu wao, Madam Liz, ambaye hajawahi kumuona isipokuwa kwa kioo cha simu, amewapa kazi: kila mwanafunzi aende nyumbani, achague desturi moja, aulize, aangalie, arekodi. Yeye alikuwa amechagua kutoa mbegu.

"Na sheria kubwa, baba, ni moja. Mimi siruhusiwi kusema ni nzuri au ni mbaya. Na ukiwa unafanya, mimi siingilii. Naangalia tu."

"Kama serikali," nikamwambia.

Nilikataa. Nilimwambia aende kwa Joash, jirani yangu, ambaye ana wake wawili na mbegu ya kutosha. Akaenda, akarudi. Alisema Joash ameongea sana habari za babu yake lakini hakuonyesha kitu. Asubuhi ya Jumanne akaniomba tena, taratibu, akiwa amesimama na lile kopo la kasuku la mama yake. Alikuwa amelitoa juu ya jiko, lina masizi.

"Si kupanda, baba. Ni kunionyesha tu. Ukionyesha mtu vile ng'ombe anakamwa, si umekamua?"

Nilichukua jembe. Sijui kwa nini. Labda nilikuwa nimechoka kutembea. Tukaenda mpaka mwanzo wa shamba, pale pale tulipokuwa tunaanzia, udongo umelowa, jembe likaingia bila kusukumwa. Nikachimba. Phanice akainua simu. Hakukuwa na mtu wa kutia punje, nikatia mwenyewe, mbili tatu, na majivu yake. Nikauliza vile huwa nauliza. Nikafunika. Phanice akasema, "Asante baba, imetosha," nami nikarudisha jembe, nikanawa, nikasahau.

Udongo haukusahau. Mvua ilinyesha karibu wiki nzima. Jumapili ya pili yake nimekaa nje, wengine wamerudi kutoka kanisani, nikasikia Joyline anaambia kuku wake kwa sauti ya kutosha harusi, "Njooni muone! Babu alikuwa anatuficha! Mahindi ya babu yameota!"

Bonface akatoka kwake mbio, kinywa kimejaa ugali. Akaenda, akainama, akayaangalia yale majani, mawili marefu na moja fupi. Aliporudi alikuwa tayari ameshika jembe.

"Baba, umefungua kupanda na hukuniambia."

"Sijafungua. Ilikuwa masomo ya Phanice."

"Masomo yanaota?"

"Bonface, weka jembe chini."

Aliweka. Ni mtoto mzuri, hilo nakubali. Lakini hakuliachia, alilisimamisha akashika mpini. Joash naye, ambaye pua yake inasikia ugomvi kabla haujaiva, alikuwa tayari ameingia langoni.

"Osiepna," akaniambia, yaani rafiki yangu, na akiniita hivyo najua anataka kunitukana. "Umetoa mbegu bila mama wa nyumba? Mwanamume mzima unajitilia punje kama mtoto anacheza kwenye mchanga? Ng'oa hiyo kitu haraka, kabla haijaleta chira hapa."

"Nikiing'oa si ndiyo nimekubali nilipanda?"

Joash akasema mambo kama hayo yanahitaji wazee. Nikamwambia wazee wamekunywa chai yangu mara mbili na hawajasema neno. Akasema labda ya tatu.

Jumatatu nikaenda mpaka ofisi ya naibu wa chifu. Huyo naibu, Cephas, tunamlipa kukaa pale, basi akae na shida zetu. Nikamweleza kutoka mwanzo. Alinisikiliza huku akipiga mihuri karatasi za watu wengine.

"Mzee, ukigombana na jirani juu ya mpaka, hiyo ni yangu. Ukigombana na marehemu juu ya mahindi, hiyo si ya ofisi."

"Mbolea ya serikali mlisema mtaleta, hamkuleta. Ufunguo wa gari hamkutoa. Sasa hata neno moja mnaninyima?"

"Neno nitakupa. Ngoja wazee waamue."

Ngoja. Nilijua. Nilitoka bila kuaga.

Nyumbani Phanice alikuwa amepanda juu ya jiwe kubwa nyuma ya choo, mahali mtandao unapatikana. Alikuwa amerudi tena kutoka Migori kwa sababu hii kazi yake ilikuwa imeingia nzi. Aliwauliza wenzake wa darasani, ile ilikuwa kupanda au kuonyesha? Mmoja anaitwa Wangwe, Mkuria, akaandika kwamba kwao hiyo si shida, mbegu ikiingia udongoni imeingia. Msichana wa Kisegi akaandika nyanya yake amesema haiwezekani hata kidogo, bila mama hakuna kupanda. Wengine ambao hawajawahi kushika jembe waliandika mengi kuliko wote.

"Na mwalimu wako mkubwa?"

"Madam Liz amesema ni swali zuri sana."

"Halafu?"

"Halafu ameuliza, je, wenyewe wanasemaje?"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Unaona? Niliwauliza wazee, wakanirudisha. Nilienda ofisini, nikarudishwa. Binti yangu ameenda mpaka Nairobi kwa bando lake, naye amerudishwa. Mwenye jibu yuko wapi katika nchi hii?

"Naweza kuifuta, baba," Phanice akasema, akiwa bado juu ya jiwe. "Video. Nichague kazi nyingine. Wewe useme tu."

"Ukifuta, mahindi yatarudi koponi?"

Bonface alikuwa amesimama kando ya ukuta wa jikoni, sijui tangu saa ngapi. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa ziwa, na kila mtu alikuwa anajua kwamba mvua za kupandia hazikuwa zimebaki nyingi. Joyline alikuwa mlangoni kwake na mtoto mgongoni. Safari hii hakuongea na kuku.

"Baba," Bonface akasema, "umekuwa unalaumu yule mkubwa wa gari kila siku. Mimi pia namlaumu. Alikuwa mama yangu. Lakini leo mvua iko hapa, jembe liko hapa, mbegu niliyonunua iko kwa nyumba yangu. Ni neno moja tu sina. Na hilo neno liko mfukoni mwako."

Nilitaka kumjibu vibaya. Nilikuwa nalo jibu, hata ulimi ulikuwa umeinuka. Halafu nikajikuta nimeshika mfuko wa suruali, kama mpumbavu, kama vile kweli kuna kitu ndani.

"Leteni hiyo simu," nikasema.

Phanice akashuka kwenye jiwe. Tukasimama sisi watatu, vichwa pamoja, na Joyline akasogea mpaka pale heshima inaporuhusu, akasogea tena kidogo. Nilikuwa sijaiona hiyo picha. Mtu akijiona kwa nyuma anaona mzee. Nikaona mzee anachimba. Anachukua kopo, analitikisa karibu na sikio, vile Priscilla alikuwa analitikisa kusikia kama wadudu wameingia. Sikujua kwamba nilifanya hivyo. Anatia punje. Halafu anageuza uso, na hageuki upande wa Phanice mwenye simu. Anageuka kushoto, kule kwenye mlango na kaburi, na unasikia sauti yake vizuri kabisa.

"Nifunike?"

Hapo picha inakaa. Phanice hakusema kitu siku ile. Ndivyo alivyofundishwa, asiingilie. Unasikia upepo. Unasikia jogoo wa Joash. Yule mzee bado amegeuza uso, jembe limeinuliwa, anangoja. Anangoja sana, mtu mwingine angefikiri simu imekwama. Kisha anatikisa kichwa kama mtu aliyesikia, na anafunika.

Tone la kwanza la mvua lilianguka kwenye kioo, Phanice akalifuta kwa kidole na picha ikarudi mwanzo yenyewe, mzee anachimba tena. Bonface aliinua jembe, akaliweka begani, akaenda mpaka mpakani mwa shamba lake. Akasimama kwenye majani, miguu nje ya udongo. Hakuvuka kabla ya neno langu. Mvua ilianza kumlowesha shati na hakutafuta pa kujikinga. Akageuka akaniangalia, na akauliza bila hasira, kama vile alivyokuwa akiuliza vitu akiwa mdogo.

"Baba, siku ile ulikuwa unamuuliza nani?"